Kupandisha Mkandamizo

Baada ya vita vya Oktoba 1973 katika Mashariki ya Kati, bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda kwa miezi michache ikafikia kama mara nne ya ilivyokuwa, na kishindo cha jambo hilo kilitufikia hata sisi wa Mombasa, ingawa tulikuwa majirani wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963, kwani ujirani na kiwanda haukumpunguzia mtu senti moja pale kituoni. Wenye magari, ambao zamani walipenda kuulizia nguvu na mwendo, sasa waliulizia matumizi, na maswali yao, kama ilivyo ada, yalimwangukia fundi. Mimi wakati huo nilikuwa fundi kijana katika karakana moja ya mji, chini ya fundi mkuu aliyekuwa amejifunza kazi katika karakana za reli, mtu mwingi wa hadhari na mchache wa maneno, ambaye hakukubali kusadiki habari yoyote ya injini mpaka aione kwa kipimo.

Tajiri mmoja aliyekuwa na Land Rover kadhaa za kuchukulia bidhaa baina ya pwani na bara, ambazo matengenezo yake yote yalikuwa mikononi mwetu, alitujia asubuhi moja akamwambia fundi mkuu, "Fundi, nimesikia kwamba injini ikibanwa zaidi hunywa kidogo. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona waliozitengeneza hawakuzibana tangu mwanzo?"

Fundi mkuu alinyamaza kidogo, kisha akamjibu, "Bwana, la kwanza nitakujibu leo hii: ni kweli. La pili nipe gari moja na muda wa kutosha." Tajiri akatoa vyote viwili, na katika kazi ile nilipata elimu ambayo imenifaa umri wangu wote, si katika injini peke yake bali katika namna ya kupokea ahadi yoyote ya faida.

Pistoni inaposhuka mpaka chini, huacha juu yake nafasi kubwa iliyojaa hewa na mvuke wa petroli. Inapopanda mpaka juu, mchanganyiko ule wote husukumwa ndani ya chumba kidogo katika silinda hedi, na hapo ndipo plagi hutoa cheche. Gawanya nafasi ile kubwa kwa ile ndogo, na jawabu ndiyo kadiri ya mkandamizo. Mfaransa Alphonse Beau de Rochas aliandika tangu mwaka 1862 kwamba mchanganyiko ukikandamizwa sana kabla ya kuwashwa ndipo moto wake hutoa kazi nyingi zaidi. Na Mjerumani Nikolaus Otto alipoiunda injini yake ya mwaka 1876, mkandamizo wake ulikuwa kama mara 2 na nusu tu. Gari la Ford la Model T, lililouzwa kwa mamilioni, lilikandamiza kama mara 4. Land Rover za tajiri wetu zilikandamiza mara 7, na viwandani ilikwisha patikana silinda hedi ya mara 8 kwa injini ile ile, kwa nchi zenye petroli nzuri.

Fundi mkuu alinifundisha hesabu yake kwa chaki juu ya ubao wa karakana. Katika injini ya kitabuni, isiyo na msuguano wala upotevu wa joto katika kuta zake, mkandamizo wa 4 hugeuza sehemu 43 katika 100 za joto la petroli kuwa kazi. Wa 7 hugeuza 54. Wa 8 hugeuza 56 na nusu. Na injini ya kweli aghalabu hupata kama nusu ya hayo. Tazama basi namna faida inavyopungua kadiri mtu anavyopanda: atokaye 4 akaingia 5 huongeza kazi kwa 11 katika 100, bali atokaye 7 akaingia 8 huongeza kwa 4 tu. Wale wa mwanzo walichuma matunda ya matawi ya chini. Sisi tulikuwa tukiomba sehemu 4 katika 100, na kabla ya kuiomba ilitupasa kujua itadai nini.

Kinachodai ni kugonga. Moto wa cheche unapoenea chumbani hukandamiza zaidi ule mchanganyiko uliobaki pembeni ambao haujaungua bado. Na joto lake likipita kiasi, mabaki yale hulipuka yenyewe kwa pamoja kabla moto haujayafikia, ukasikika mlio mkali wa chuma ambao dereva mwangalifu huujua na dereva mzembe huuzoea. Harry Ricardo, mhandisi wa Uingereza, alijenga mwaka 1919 injini ya silinda moja, iliyojulikana kwa jina la E35, ambayo mkandamizo wake uliweza kubadilishwa huku inazunguka, akaitumia kuzipima petroli za asili mbalimbali moja baada ya moja, akabainisha kwamba zile ambazo soko liliziona sawa zilitofautiana mno katika uvumilivu, na kwamba petroli inayogonga upesi ndiyo inayoiwekea injini mpaka wake. Baadaye, mwaka 1926, Mmarekani Graham Edgar akatoa mizani ya kupimia uvumilivu huo, ile inayoitwa okteni, ambayo kwayo hata leo petroli yote ya dunia hujaribiwa katika injini ya silinda moja inayopandishwa mkandamizo wake mpaka igonge. Kwa hivyo mtu akinunua petroli ya alama kubwa hanunui nguvu, kama wengi wanavyodhani; ananunua ruhusa ya kukandamiza, na ruhusa isiyotumiwa ni fedha iliyotupwa.

Siwezi kulipita jambo hili bila kuitaja risasi. Desemba 1921, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Charles Kettering huko Dayton katika jimbo la Ohio, aligundua kwamba kiasi kidogo mno cha tetraethili ya risasi hunyamazisha kugonga, na Februari 1923 petroli yenye dawa hiyo ikaanza kuuzwa katika mji ule ule. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake, baada ya kupatwa na wazimu. Na bado dunia iliendelea kuitumia kwa miongo mingi, hata nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaafikiana Dakar mwaka 2001 kuiacha, zikamaliza kuiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho ulimwenguni mwaka 2021. Kettering alikuwa mtu wa akili kubwa, na hujja yake kwamba mkandamizo mkubwa huokoa mafuta ya ardhi ilikuwa hujja ya kweli. Mwaka 1947 alionyesha injini yenye mkandamizo wa 12 na nusu ili kuithibitisha. Lakini risasi ile iliingia katika damu ya watoto waliokaa kando ya njia, na sisi mafundi tulinawia petroli hiyo mikono kila jioni ili kutoa oili, wala hapakuwa na mtu wa kutuonya. Nikipiga hesabu ya akiba iliyopatikana ulimwenguni kwa kupandisha mkandamizo, siwezi kuiandika faida bila kuandika na hili upande wa pili wa daftari.

Turudi karakanani. Injini ya gari tulilopewa ilikuwa ya sentimita za ujazo 2,286 katika silinda nne, maana yake kila pistoni husukuma 571 na nusu. Kwa mkandamizo wa 7, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama 95. Kwa mkandamizo wa 8, ni kama 82. Basi safari yote ya kutoka 7 kuingia 8 ni ya kuondoa sentimita za ujazo 13 na kitu, kiasi kisichojaza kijiko kikubwa cha mezani. Tuliipeleka silinda hedi ikarandwe uso wake kidogo kidogo, na kila iliporudi tulikipima chumba kimoja kimoja kwa kukifunika kwa kioo chenye tundu dogo na kukimiminia mafuta ya taa kutoka katika bomba la vipimo. Mkerezaji alituona watu wa kujitaabisha bure, kwa kuwa uso ulikuwa umenyooka na yeye aliona kazi imekwisha. Fundi mkuu hakuafiki. Vyumba vilivyotoka kiwandani vikiwa vimesubiwa havilingani kabisa, na kile kilicho kidogo kuliko vingine ndicho kitakachogonga kwanza, hata injini nzima ikalazimika kuishi kwa sheria ya silinda moja. Tulisugua vile vidogo mpaka vyote vinne vikawa sawa, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuranda kwenyewe.

Ikabaki kupima matumizi, nayo ni kazi inayodharauliwa na kila mtu ambaye hajaifanya. Mtu hujaza tangi, husafiri, hujaza tena, hugawanya, kisha hutangaza barazani kwamba gari lake limeokoa robo nzima ya petroli. Sisi tulikuwa tukitafuta sehemu 4 katika 100, na kitu kidogo hivyo hakionekani kwa jicho la mtu anayetamani kukiona. Petroli yenyewe hutanuka kwa joto kama sehemu 1 katika 100 kwa kila digrii 10, basi anayejaza adhuhuri mara moja na alfajiri mara ya pili amekwisha iharibu robo ya jawabu lake kabla hajaondoka kituoni. Kwa hiyo tulijaza alfajiri siku zote, gari likiwa limesimama juu ya sakafu ile ile, mpaka petroli ionekane katika alama moja ya shingo ya tangi. Nairobi iko juu ya Mombasa kwa zaidi ya mita 1,600, basi safari ya kupanda peke yake si shahidi, wala ya kushuka; zilihesabiwa pamoja. Upepo wa kusi humsukuma kwa nyuma aendaye bara, ilhali kaskazi humjia kwa ubavu, basi majaribio ya kabla na ya baada yalifanywa katika msimu mmoja. Mzigo ulikuwa magunia yale yale, ya mchanga, yaliyopimwa kwa mizani. Matairi yalipimwa upepo yakiwa baridi. Na baada ya kupandisha mkandamizo tuliirudisha nyuma kidogo taimingi ya cheche, kwa sababu mchanganyiko uliobanwa zaidi huungua upesi zaidi.

Jawabu lilipokuja lilikuwa la insafu. Akiba ilikuwapo; safari baada ya safari ilikuwapo; nayo haikupita sehemu moja katika ishirini, karibu kabisa na chaki ya fundi mkuu. Nilifurahi kama kijana anavyofurahi kuona kitabu na dunia vikisema neno moja. Ndipo fundi mkuu aliponiamuru tufanye jambo ambalo sikulitarajia: tumweke dereva mwingine katika gari lile lile, kwa mzigo ule ule, katika barabara ile ile. Wa kwanza alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, ambaye aliona kilima kutoka mbali akakijia kwa mwendo uliotosha, na aliona lori lililo mbele yake akaondoa mguu mapema badala ya kukanyaga breki. Wa pili alikuwa kijana hodari mwenye haraka, na uhodari wake haukuwa wa kutiliwa shaka. Tofauti baina yao wawili ilizidi mara kadhaa ile iliyoletwa na silinda hedi. Nilikwenda kwa fundi mkuu na daftari mkononi nikidhani pana kosa la hesabu. Akalitazama, akanirudishia, akasema, "Hapana kosa, mwanangu. Andika hivyo hivyo."

Katika kupanda na kushuka huko niliona jambo ambalo naliona hadi leo kuwa kiini cha habari yote. Gari lile lilipokuwa Nairobi lilikuwa tamu kuliko lilivyopata kuwa. Lilivuta vizuri, halikugonga hata kwa mzigo, na mtu aliyelijaribu huko tu angeapa kwamba waliotengeneza injini ya 7 walikuwa waoga. Lilipokuwa likirejea, baada ya Mtito Andei dereva alianza kusikia mlio hafifu alipokanyaga sana. Alipofika Voi ukawa dhahiri. Na Mombasa, katika mteremko uliogeuka kuwa mpando asubuhi iliyofuata, pale Mazeras ambapo barabara huiacha pwani ikapanda vilima kwa joto na unyevu, injini iligonga mpaka tukalazimika kuirudisha nyuma zaidi cheche, na kila tuliporudisha cheche tulirudisha pia sehemu ya ile akiba.

Sababu zake ni mbili na zote zinahesabika. Hewa ya Nairobi, kwa urefu wa mahali pale, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita, basi silinda hujazwa kidogo, na shinikizo la mwisho huwa dogo hata mkandamizo ukiwa ule ule. Ya pili ni joto: hewa ya digrii 15 ya asubuhi ya Nairobi na hewa ya digrii 32 ya mchana wa Mombasa, zikikandamizwa mara 8, hutofautiana mwisho wake kwa kama digrii 35, ilhali kutoka 7 kuingia 8 kwa hewa ile ile ya Mombasa huongeza kama digrii 29 tu. Yaani gari lililopandishwa mkandamizo likashuka pwani limepandishwa mara mbili, mara moja na fundi na mara ya pili na nchi yenyewe. Hapa ndipo nilipolifahamu swali la pili la tajiri. Waliotengeneza injini ya 7 hawakuwa wakiitengenezea Nairobi. Waliitengenezea mahali pabaya kuliko pote ambapo gari lile lingeweza kupelekwa, kwa petroli mbaya kuliko zote ambazo lingeweza kunyweshwa, nao hawakujua majina ya mahali hapo. Ilikuwa ni insafu yao kwa watu wasiowajua, na mimi naiheshimu.

Nayo petroli mbaya haikukawia. Katika safari moja dereva mtulivu alikuta kituo cha njiani hakina supa, ile petroli ya okteni kubwa, na bidhaa alizobeba hazikuwa za kungoja, basi akatia petroli ya kawaida, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, akaendelea kwa mwendo wa upole. Alifika. Lakini tulipofungua plagi tulikuta juu ya kauri nyeupe vitone vidogo vya kung'aa, na vitone hivyo ni aluminiamu, maana yake uso wa pistoni umekwisha anza kuliwa. Na baada ya muda si mrefu gasketi ya silinda hedi ilipasuka baina ya silinda mbili za katikati. Krenki ya injini za siku hizo ilishikwa na beringi kuu tatu tu, maana zile za beringi tano zilikuja mwaka 1980, na fundi mkuu alizifungua beringi zile akazitazama kwa muda mrefu juani. Hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimechakaa zaidi kidogo ya ilivyotarajiwa kwa umri wake, na yeye hakutaka kusema zaidi ya hayo kwa ushahidi wa gari moja, jambo ambalo lilinikera wakati ule na ambalo sasa nalihesabu katika mambo bora niliyoyaona kwake.

Watu wengi husema injini imara ni ile isiyovunjika. Mimi nasema ni ile inayobaki na akiba ya ustahimilivu baada ya siku kuharibika: maji yamepungua katika radieta, mzigo umezidi, kituo hakina supa, dereva ana homa. Mkandamizo mkubwa haukuiharibu injini ile siku zilipokuwa nzuri. Uliitumia ile akiba kabla ya siku mbaya kufika. Fauka ya hayo, supa ilikuwa ghali kuliko petroli ya kawaida, na tajiri alipoondoa tofauti ya bei katika sehemu zile 4, kisha akaondoa gasketi, na siku ambazo gari lililala, na ujira wa mkerezaji, hapakubaki kitu cha kuwekwa mfukoni.

Fundi mkuu alimweleza yote hayo bila kuongeza wala kupunguza, akatoa na rai yake. Gari lile la 8 lipelekwe Nairobi likae huko, lifanye kazi za mjini na za nyanda za juu, kwa supa, kwa kuwa kule lina haki ya kubanwa. Na kwa kweli lilifanya kazi huko miaka mingi bila lawama. Mengine yote yabaki 7. Kwa ajili ya haya alipendekeza kazi zisizokuwa na fahari: kusafisha kabureta na kuweka sawa jeti zake, kulegeza breki zilizokuwa zikikamata gurudumu likienda, kupima matairi kila juma, kurekebisha mwanya wa plagi na taimingi, na kumpandisha yule dereva mtulivu kando ya wenzake, kila mmoja kwa zamu, ili wamwone anavyofanya. Daftari la miezi iliyofuata, kwa vipimo vile vile vya alfajiri, lilionyesha akiba iliyoizidi ile ya silinda hedi, na hakuna gari hata moja lililopasua gasketi. Tajiri alilisoma daftari lile mbele yetu ukurasa kwa ukurasa, akamwongeza mshahara dereva wa makamo, akamfanya msimamizi wa madereva wake wote.